Besi Moja Inatosha

Kutoka Mto wa Mbu mpaka Loliondo hapakuwa na mpiga besi wa kumfikia Raphaeli wa Endabash. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo ndogo: hakuwa na besi. Haya, na nyingine: hajawahi kuipiga mbele ya watu. Ukiondoa hizo mbili, hakuwa na mpinzani.

Alichokuwa nacho ni gitaa la rhythm, na hilo nalo halikuwa lake. Katika bendi ya Endoro Jazz kila kitu kilikuwa cha Mzee Bartolomeo, mwenye baa pale barabarani Karatu. Ngoma zake, spika zake, jenereta lake, Land Rover yake, na ukimsikiliza akishalewa utadhani hata koo za waimbaji aliziagiza yeye. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na chombo chake mwenyewe, tena si kimoja, viwili. Huyo aliitwa Moloimet, Mmaasai wa Arash, mrefu, mkimya, aliyeuza madume ya ng'ombe akanunua gitaa la besi, na watu wa kwao wakalia kama wamefiwa. Baada ya miaka miwili akauza tena akanunua la pili. Safari hiyo hawakulia, walinyamaza tu wakamwonea huruma mama yake.

La kwanza lilikuwa jekundu, akaliita Nado, jina wanalompa kwao ng'ombe mwekundu. La pili jeusi, akaliita Narok. Halafu akapasha chuma moto akayachoma yote mawili mgongoni alama ya ukoo wake, kubwa, kama anavyochomwa ng'ombe pajani. Piusi, mpiga solo, mtu asiye na akiba ya maneno, aliyanusa siku hiyo akasema, "Bado chumvi tu."

Raphaeli aliyatazama yale magitaa miaka minne. Moloimet akienda kula, Raphaeli anachukua moja anajificha nyuma ya kreti za bia, anapapasa nyimbo zote bila umeme, sikio amelilaza kwenye mbao. Alizijua. Na angesema tu, "Ndugu yangu, niazime," angeazimwa. Lakini kuna watu kuomba kunawawasha kooni kuliko kuiba.

Mwaka themanini na mbili ikaja barua kutoka Arusha. Kuna hoteli kubwa ya huko, bendi yao imempoteza mpiga besi. Alivuka mpaka kwa miguu wakati mpaka umefungwa, akatokomea Nairobi. Wanataka mtu mmoja. Chumba atapewa, chakula atapewa, mshahara wa mwezi kwa mwezi, ila aje na besi yake mwenyewe. Bwana mmoja atakuja kutazama Jumapili, kwenye bugi, dansi la mchana, la wafanyakazi wa loji moja kule juu, ukingoni mwa bonde la Ngorongoro.

Kila mtu alijua bwana huyo anakuja kumwona nani. Raphaeli peke yake ndiye aliyejua kwamba anakuja kumwona Raphaeli.

Alikuwa na sababu. Kwenye loji hiyohiyo mpishi mkuu alikuwa Mzee Inosenti, naye Mzee Inosenti alikuwa na binti anaitwa Leonida, aliyemaliza darasa la saba, mfua mashuka wa loji, aliyenukia sabuni mwaka ambao sabuni ilikuwa ni habari ya kusimuliwa. Raphaeli alimtaka. Mzee alimuuliza, "Wewe kwenye bendi unapiga nini?" Rhythm ilionekana kama jibu la mtu maskini, basi Raphaeli akasema, "Besi, baba." Mzee akauliza, "Ya kwako au ya kuazima?" Akasema, "Ya kwangu, baba." Mzee akamwambia, "Vizuri, maana binti yangu haolewi na mtu wa kuazima." Uongo huo ulikuwa na umri wa miezi sita, umeshaota meno, na Jumapili ulikuwa unataka kula.

*

Alhamisi walikaa kikao baani, mchana, kupanga safari.

"Safari hii tunapanda na besi ngapi?" aliuliza Bartolomeo. Aliuliza kama anavyouliza mtu kuhusu mizigo.

"Mbili," akasema Moloimet. "Kama siku zote."

Raphaeli alikuwa ameandaa maneno tangu Jumatatu. Akajifanya anakwangua meza kwa kucha.

"Mzee, mimi si wa kusema," akaanza, na mtu akianza hivyo vuta kiti. "Lakini Land Rover ni ileile. Ngoma zimo, spika zimo, jenereta limo, na sisi wenyewe tumo. Solo moja. Rhythm moja. Besi kwa nini mbili? Besi yenyewe nusu ya watu hawaisikii."

"Masikio hayaisikii," akasema Piusi. "Makalio yanaisikia."

"Mwenye ng'ombe mmoja hana ng'ombe," akasema Moloimet. "Ana maziwa aliyokopeshwa na fisi."

"Ee! Hapa ni bendi, si boma!" Bartolomeo akacheka mpaka tumbo likasukuma meza. "Unataka tuchukue na ndama wake?"

Wakacheka wote. Moloimet akangoja kicheko kiishe, kama anavyongoja mtu mvua.

"Miaka minne nabeba mbili," akasema. "Mmekosa besi siku ngapi?"

"Hata moja."

"Basi."

"Basi ndiyo hiyo!" Raphaeli akadaka hapohapo. "Miaka minne, ile ya kwanza haijafa hata siku moja! Hiyo ya pili kazi yake nini? Inatembezwa tu, kama mke wa diwani."

Watu wakapiga makofi. Hata Piusi alipiga, maana neno tamu ni neno tamu hata kama limetoka kwa mjinga.

"Besi moja inatosha," Bartolomeo akakata shauri. "Mungu mwenyewe ni mmoja."

"Nafsi tatu, mzee," akasema Piusi.

"Wewe funga bakuli lako."

Moloimet hakubisha. Alimtenga Narok palepale stoo, karibu na mlango, tayari kwa safari, na Nado wa kubaki akamlaza juu ya magunia matupu. Kabla hajatoka alimpitishia kiganja mgongoni, palepale penye alama, kama unavyomgusa ng'ombe anayebaki nyumbani wakati wenzake wanakwenda kunywa maji. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mtunza vyombo wa bendi. Mtunza vyombo wa bendi alikuwa Raphaeli.

*

Jumamosi watu walikwenda mnadani. Raphaeli akajifungia stoo toka asubuhi.

Alikuwa na kopo la kiwi ya viatu, mshumaa, msasa, na betri nne za redio zilizokufa. Betri alizivunja, akatoa ule unga mweusi wa ndani ambao walimu walikuwa wanachanganya kupaka ubao wa shule, akauponda na masizi na kiwi mpaka ukawa uji. Ile alama ya moto aliisugua msasa kingo zake, akaidondoshea mshumaa mpaka mashimo yakajaa, akalainisha kwa kidole gumba. Halafu akampaka Nado weusi kutoka kichwani mpaka matakoni. Mtu mvivu ukimpa wizi anageuka fundi. Raphaeli ambaye kufagia stoo tu alikuwa anaomba ruhusa ya ugonjwa, siku hiyo alipaka mikono mitatu, akingoja kila mmoja ukauke, akipuliza kwa mdomo kama anampoza mtoto uji.

Alipomaliza akamgeukia Narok. Ubavuni mwa besi kuna tundu la kuchomekea waya wa spika, limefunikwa kibati kidogo. Akafungua kibati. Ndani mlikuwa na waya mwembamba umegandishwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Akaukata kwa wembe, karibu wote, akabakiza unywele mmoja, ili besi iamke, isalimie watu, ipige wimbo mmoja au miwili, halafu ifie mbele za watu vizuri. Akarudisha kibati, akanawa mikono, akaenda mnadani kula nyama choma. Alikula vizuri sana. Watu wasio na dhamiri huwa na tumbo zuri.

*

Jumapili asubuhi Land Rover ilisukumwa mpaka ikakubali. Raphaeli alikuja na gunia kubwa begani.

"Nini hicho?" aliuliza Bartolomeo. "Tulisema mizigo!"

"Vitunguu, mzee. Vya Mang'ola. Zawadi ya baba mkwe."

Kwa baba mkwe hakuna mtu wa kubisha. Gunia likaingizwa. Viti vilikuwa vimejaa, basi wakamwambia Moloimet akalie vitunguu, na Narok ampakate. Akakaa. Gari likaanza kupanda na vumbi lake.

Kwenye lango la Lodoare askari alichungulia nyuma. "Gunia lina nini?"

"Vitunguu, afande," akasema Raphaeli.

Askari akaingiza mkono, akatoa viwili, akavitia mfukoni kama ushahidi, akafungua lango.

Wakaingia msituni, kwenye kona na ukungu. Gari liliporuka shimo, Moloimet alinyanyuka akatua tena. Akajisogeza. Akatua tena.

"Vitunguu vya Mang'ola mwaka huu vina mifupa," akasema.

Gari zima likacheka. Raphaeli alicheka kuliko wote, akacheka mpaka wenzake wamemaliza yeye bado.

Juu kulikuwa na baridi ya kukunja masikio. Ukungu ulikuwa unaingia kwenye bwalo la wafanyakazi kama mtu asiyelipa kiingilio. Bugi lilikuwa la saa nane mchana mpaka kumi na mbili, maana jioni wote walitakiwa kuvaa vitambaa vyeupe wakawapelekee wazungu supu. Mzee Inosenti alisimama mlangoni na kofia yake ya upishi, ndefu, iliyopigwa wanga ikasimama kama inangojea kuitwa jina.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Besi yako iko wapi?"

Salamu ya mzee huyo haikuwa na viungo vingi.

"Ipo, baba. Utaiona. Nimekuletea na vitunguu kidogo, ila gunia usilifungue, nitakufungulia mwenyewe."

"Kwa nini, vitunguu vinaogopa watu?"

Leonida akacheka nyuma ya baba yake. Raphaeli akalibeba gunia mwenyewe mpaka nyuma ya mlango wa jiko, akalisimamisha ukutani polepole sana, kama mgonjwa.

Yule bwana wa Arusha alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mwembamba, koti lake zito, kidaftari magotini.

*

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda. Wafanyakazi walicheza na makoti yao, Narok akinguruma chini ya vitu vyote kama ng'ombe aliyeshiba, na bwana wa Arusha akitikisa mguu mmoja asiotaka watu wauone. Katikati ya wimbo wa tatu, Narok akakata roho. Hakukoroma, hakutoa kwikwi. Alinyamaza tu. Na hapo ndipo watu walipojua kwamba walikuwa wanaisikia besi: viuno vilisimama vyenyewe, kimoja kimoja.

Moloimet akagusa swichi. Akagusa waya. Kimya.

Bartolomeo alikuwa na maikrofoni mkononi na aibu mwilini, na mtu wa namna hiyo ni hatari. "Mabibi na mabwana," akatangaza, "mniwie radhi. Mmaasai wetu ameiacha besi yake malishoni!"

Bwalo likalipuka. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi wa kuita ng'ombe, na wengine wakaitikia. Moloimet alikuwa amepiga goti, amefungua kile kibati cha ubavuni kwa kucha. Aliutazama ule waya. Waya ukikatika wenyewe huwa na ndevu. Huu ulikuwa umenyolewa.

Akainua macho. Hakumtazama Bartolomeo wala waliokuwa wanapiga mluzi. Alimtazama Raphaeli, muda wa kumeza mate mara moja, halafu akashusha macho kwenye kibati kana kwamba hakuona kitu. Raphaeli alijiambia kwamba hakuona kitu.

Akamsogelea Bartolomeo, kichwa chini.

"Mzee, unisamehe. Nimevunja sheria yako."

"Sheria gani tena, mbona mnaniua leo?"

"Uliposema besi moja... mimi ninayo yangu. Nimepewa na mjomba, ya urithi. Nilitaka baba mkwe aione tu. Nimeificha kwenye vitunguu."

Bartolomeo alimkumbatia mpaka gitaa la rhythm likalia katikati yao. "Huyu ndiye mtu! Huyu anaona mbele!"

"Si ndiye aliyesema besi moja inatosha?" aliuliza Piusi.

"Wewe piga solo yako!"

Gunia likafunguliwa. Mzee Inosenti alikuja kupokea zawadi yake, akaona vitunguu debe moja la juu, na chini yake gitaa jeusi. Akaviokota vile vitunguu kwenye kofia yake, akihesabu kwa macho.

"Wewe," Bartolomeo akamwambia Moloimet, "chukua maiti yako mkaote moto jikoni. Usinisimamie hapa kama mnara."

Moloimet akambeba Narok akatoka. Alipompita Raphaeli alivuta pumzi puani, mara moja, kidogo. Kiwi. Vitunguu. Akaenda zake.

Na Raphaeli akapiga. La kusikitisha, na mimi nalisema bila kumpenda, ni kwamba alipiga vizuri. Vidole vilivyojifunza nyuma ya kreti za bia vilitoka hadharani kama wafungwa siku ya msamaha. Watu walisahau baridi wakavua makoti. Leonida alicheza mbele kabisa, mashavu yanang'aa. Bwana wa Arusha sasa alitikisa miguu yote miwili. Raphaeli alifumba macho akajiona Arusha, chumba chake, kitanda chake, Leonida wake, na mtu wa kumfulia mashuka akamkosa, akakumbuka kwamba ndiye huyo huyo.

Jasho likaanza. Nalo jasho na ule uji wa betri havikuwa na mkataba. Kwanza vidole vilibadilika. Halafu shati lake jeupe likaota doa tumboni, doa likawa sahani, sahani ikawa sinia. Akajifuta uso.

"Raphaeli!" Piusi akamnong'oneza kati ya nyimbo. "Besi yako inanyonyesha?"

"Ni rangi mpya."

"Ya urithi?"

*

Saa kumi wakapumzika. Bwana wa Arusha alimwita Raphaeli mezani, akamuuliza jina, akaliandika. "Na chombo ni chako kweli? Sisi hatuna cha kukupa."

"Changu, bwana. Baba mkwe huyu shahidi."

Mzee Inosenti alikuja na Leonida na birika la chai. Kwa mara ya kwanza alimwita Raphaeli "mwanangu", ingawa alisita kidogo, maana vile vitunguu bado vilikuwa vinamkaa rohoni.

Hapo ndipo Moloimet alipotoka jikoni. Alikuwa ameshiba, wapishi walimhurumia wakampa mifupa yenye nyama. Alikuwa anajifuta midomo, hana haraka, kwapani amembana Narok. Akavuta kiti.

"Besi nzuri," akasema.

"Asante, ndugu yangu. Pole kwa ya kwako."

"Nimeshapoa."

Sasa, kule Arash, mtu akikutwa na ng'ombe anayeshukiwa ni wa wizi, hapigwi kwanza. Kumpiga mapema ni kumsaidia, anapata sababu ya kunyamaza. Wanamkaribisha, anakaa, anaulizwa taratibu: ng'ombe huyu mama yake nani? Alizaliwa mvua gani? Amewahi kuugua nini? Wanamwacha ajenge nyumba nzima, paa na mlango, aingie mwenyewe, afunge. Ndipo wanapoonyesha alama. Raphaeli alizaliwa Endabash, kwa wakulima. Hakuyajua hayo.

"Mama yake nani?" aliuliza Moloimet.

"Mama wa nani?"

"Wa besi. Ametoka wapi?"

"Aa!" Raphaeli akacheka, akamtazama bwana wa Arusha kama mtu anayeomba uvumilivu kwa ajili ya mshamba. "Ametoka Mbulu. Kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba alipewa na padri mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao."

"Mwaka gani?"

"Sabini na tatu. Nakumbuka, nilikuwa nimetoka kupewa kipaimara."

"Mjomba wako huyo twende siku moja tumsalimie," akasema Moloimet. "Mimi napenda watu wa besi."

Raphaeli aliona shimo, akaliruka mpaka upande wa pili kwa ustadi. "Marehemu, ndugu yangu. Alikufa sabini na sita. Nilimzika kwa mikono hii." Akaonyesha mikono. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo. Leonida aliitazama, akatazama shati. "Alipokuwa anakata roho alinishika, akasema, Raphaeli, besi hii usiitoe nje ya ukoo."

"Pole sana," akasema Mzee Inosenti.

"Asante, baba."

"Imewahi kuugua?" aliuliza Moloimet.

"Haijawahi. Haijafunguliwa hata skrubu moja toka kwa padri."

"Wala wewe hujaifungua?"

"Mimi? Nivunje usia wa marehemu?"

"Ina alama?"

"Haina." Hili alilijibu haraka zaidi. "Mjomba hakupenda watu wanaochomachoma vyombo kama mishikaki. Samahani, Moloimet, si wewe."

Piusi alikuwa amesogea, na wapiga ngoma, na wafanyakazi na vikombe vyao. Moloimet akaomba kitambaa chenye maji. Leonida akampa cha mezani. Akamgeuza Nado kifudifudi juu ya meza, akafuta mgongo wake. Kitambaa kikawa cheusi. Akafuta tena. Kwa chini kukatokea wekundu, kama ulimi.

"Rangi gani hii inayohama?" aliuliza Mzee Inosenti.

"Ya mapadri, baba. Ya zamani. Chini waliweka nyekundu kwanza ili nyeusi ishike."

"Haijashika."

"Ni ukungu wa huku kwenu."

Pale mgongoni palipokuwa na alama, kidole cha Moloimet kilipita. Laini. Mshumaa ulikuwa umefanya kazi yake vizuri, na kwa wekundu uliolowa na weusi uliobaki mtu hakuweza kusema ni alama au ni doa. Raphaeli akavuta pumzi, akatabasamu.

"Umeona? Hakuna."

"Nimeona," akasema Moloimet. "Naomba kisu cha mezani. Kile butu."

"Cha nini?" Raphaeli akasimama. "Mwambieni aache! Chombo cha marehemu hicho!"

"Kama haina kitu, hakuna kitakachokufa," akasema bwana wa Arusha. Alikuwa ameliacha daftari wazi, kalamu juu ya jina.

Moloimet akalegeza nyuzi, zikaguna moja moja. Nyuma ya besi, mahali shingo inapoingia mwilini, kuna skrubu nne. Akaingiza ncha ya kisu kwenye ya kwanza. Alizungusha taratibu, taratibu kabisa, na kila mzunguko alimtazama Raphaeli usoni, kwa upole, kama daktari anayeuliza hapa panauma. Angeweza kusema neno moja tangu kwenye gunia la vitunguu. Angeweza kusema tangu kwenye waya. Ule waya alikuwa ameshaumenya kwa meno jikoni, akauunga, Narok alikuwa mzima kwapani mwake saa nzima iliyopita. Hakusema. Alikaa na mifupa yake akasikiliza besi yake ikipigwa vizuri na mwizi, akamwacha aandikwe jina, akamwacha aitwe mwanangu.

"Kwetu mnyama ana alama mbili," akasema, skrubu ya tatu ikidondoka mezani. "Ya nje ni ya watu. Ya ndani ni ya wezi."

"Raphaeli," Mzee Inosenti akauliza, "humu ndani kuna nini?"

"Mbao tupu, baba."

"Unaapa?"

"Kwa kaburi la mama!"

"Mama yako Katarina?" akasema Piusi. "Si jana tu kaniuzia mayai mnadani?"

Skrubu ya nne ikatoka. Moloimet akashika shingo kwa mkono mmoja na mwili kwa mwingine, akaitenganisha besi yake kama anayemfungua mbuzi kwenye viungo, bila kukosea. Chini ya shingo mbao ilikuwa nyekundu, safi, haijawahi kuguswa na kiwi. Hakuisoma. Alimpa Leonida.

"Wewe una darasa la saba," akasema. "Soma, baba yako asikie."

Leonida akaisogeza dirishani. Kulikuwa na mikato miwili ya pembeni, kama iliyo kwenye sikio la ng'ombe, na chini yake herufi zilizochongwa kwa ncha ya kisu.

"Moloimet," akasoma. "Arash. Elfu moja mia tisa sabini na nane."

Nje jenereta lilikuwa linanguruma peke yake. Bwana wa Arusha akachukua kalamu.

Raphaeli angenyamaza hapo angebaki mwizi tu, na mwizi watu humsahau. Lakini ulimi ulikuwa umeshazoea njia.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, sasa nakumbuka. Mwaka huo mjomba alipita Arash. Akamwazima huyu kidogo, huyu akaandika jina lake. Mjomba mwenyewe ndiye alinisimulia."

Leonida alikuwa bado ameishika shingo ya besi. Akamtazama, kwanza shati, halafu mikono, halafu uso wenye mstari mmoja mweusi kutoka paji mpaka kidevuni.

"Mjomba yupi?" akauliza. "Huyu uliyemzika sabini na sita?"